Landrova Iliyopokelewa na Kasoro Zake

Landrova ilifika tupu, lakini ilikuwa imelala upande mmoja. Ngassa aliliona hilo hata kabla ya kumjulia hali dereva. Alikuwa fundi magari, Msukuma mnene aliyemaliza nusu ya umri wake chini ya malori ya pamba, na gari lililolala nyuma kushoto lilimsumbua kama kokoto ndani ya kiatu. Akainama, akaigonga springi kwa spana. Ilikuwa nzima. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia.

"Gregory," akamwita dereva, "umebeba nini huku?"

"Sijabeba kitu."

"Na hili benchi mbona limebonyea?"

Gregory alimgeukia mnunuzi. Alimkabidhi Akida ufunguo huku amenyoosha mkono mbali na mwili wake, akakataa chai, akakataa hata maji, akashika njia ya Maganzo kwa miguu. Yeye ambaye siku zote alisimulia safari zake mpaka watu wakasinzia. Akida hakumjali. Alikuwa amesimama katikati ya ua wake pale Songwa, mwaka ni 1976, na gari lilikuwa lake.

Tumsamehe furaha yake. Akida aliuza chumvi, khanga na mafuta ya taa, na mkewe Mwasiti alikuwa na mimba ya tatu. Ya kwanza iliharibikia njiani, Mwasiti amepakiwa nyuma ya baiskeli, mvua inanyesha na hospitali iko mbali. Kitoto cha pili kilizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kikalia mara moja tu, kikanyamaza. Akida ndiye aliyekishika. Tangu siku ile hakuwa akiwaza biashara wala hija, aliwaza gari, na kama angepata gari lenye magurudumu matatu angelinunua hilo hilo.

Si kwamba hakupima. Gregory alipoleta habari kwamba huko Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna mtu aitwaye Cornel anauza Landrova kuukuu, Akida alikaa na Ngassa barazani mchana kutwa wakipima. Ngassa alimtisha kwa kila alichokijua. Gari usiloliona, alisema, ni mchumba wa kuletewa picha: huoni kama anachechemea. Watu hutia unga wa muhogo kwenye rejeta ili isivuje mpaka mnunuzi afike kwake. Hutia maganda ya ndizi kwenye sanduku la gia ili lisilie. Na chasi ikikatika huungwa, ikapakwa lami, ikang'aa kama kiatu cha askari.

"Twende tukalione kwanza," alisema Ngassa.

"Mvua imekata njia. Na kuna Mwarabu wa Kahama analitaka," alisema Gregory. "Halafu Cornel ana sharti. Anayelitaka akubali huko huko aliko, mbele ya mashahidi. Aseme analipokea na kasoro zake zote, anazozijua na asizozijua, na hiari ya kurudisha ameiacha."

Ngassa alikunja uso. "Cornel si Mkatoliki? Maneno ya hiari ni ya masheikh, kayatoa wapi?"

Swali lilikuwa zuri, na lingejibiwa siku ile pengine hadithi hii isingekuwapo. Lakini Akida alikuwa amesoma chuoni, kwa masheikh wa Kurani, na alijivunia kuijua sheria ya biashara. Alijua kwamba anayenunua asichokiona ana haki ya kukirudisha atakapokiona. Aliuza chumvi yake kwa kusema wazi "hii ina mchanga", na watu walimpenda kwa hilo. Alijua kabisa anatupa nini. Ila ndani ya nyumba Mwasiti alikuwa akikohoa, amejishika tumbo, na Akida akaona Mwarabu wa Kahama anamtangulia. Akasimama, akawafanya Ngassa na Gregory kuwa mashahidi, akayasema maneno yote kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Hakubakiza hata moja.

Siku ya gulio alipakia magunia ya chumvi, na akina mama wa njiani wakaomba lifti. Walijazana nyuma, wakabanana, wakakaliana, lakini pembe ya kushoto ya benchi hapana aliyekaa. Hawakuambiana. Kila aliyepanda alitazama pembe ile, akasogea upande wa pili. Bibi kizee mmoja wa Kisukuma alipopanda aliinamisha kichwa kuelekea pembeni mle, akaamkia, "Mwangaluka, baba," kisha akatulia kama mtu aliyeitikiwa.

Walipofika guliani wote walishuka. Bibi yule akamvuta Akida shati.

"Ng'wana wane, mwanangu, na yule mbona hashuki?"

"Yupi, bibi?"

"Yule mwenye kanzu ya udongo."

Akida akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Lakini wakati wa kurudi, peke yake, jua la utosi likiwaka na barabara nyeupe imenyooka bila mti, alianza kusikia harufu. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi wa chini sana, udongo usiowahi kuona jua, pamoja na ukali wa karabai, zile taa za wachimbaji. Akafungua vioo vyote. Harufu haikutoka. Kisha nyuma yake pakaanza mlio mdogo, ngo, ngo, ngo, mlio wa tindo inayogonga mwamba bila haraka, na alipopunguza mwendo mlio ulipungua, alipokanyaga mafuta mlio ulifuata, na alipoegesha pembeni na kuzima injini, akasikia ngo moja ya mwisho na pumzi ya mtu aliyechoka kazi akijiegemeza.

Hakugeuka. Akida hakuwa mwoga, lakini kuna mambo shingo yenyewe hukataa. Aliwasha gari akaenda mpaka nyumbani akisoma Ayatul Kursiy, na kila alipofika mwisho aliona kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akisoma naye, kwa kunong'ona, bila kukosea.

Hakumwambia mkewe. Aliegesha Landrova chini ya dirisha la chumba chao, akaoga, akala. Mwasiti ndiye aliyeanza.

"Mume wangu, hili gari usiliweke hapa."

"Lina nini?"

"Sijui." Mwasiti alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa shida. "Likiwa hapa mtoto hachezi. Ulipokwenda guliani alicheza, akanipiga mateke mpaka nikacheka peke yangu. Umerudi, akatulia. Weka mkono uone."

Akida akaweka mkono. Tumbo lilikuwa gumu, kimya. Akatoka, akaisukuma Landrova pamoja na Ngassa mpaka nyuma ya kinu cha mtama, mbali na nyumba. Akarudi mbio, akaweka mkono tena. Kitoto kikampiga teke kiganjani. Mwasiti akaanza kulia, na Akida, ambaye alikuwa ametoa kila alichonacho ili kitoto hiki kifike hospitali kikiwa hai, aligeuka kutazama upande wa kinu.

Kesho yake asubuhi Landrova ilikuwa chini ya dirisha. Ngassa aliapa hakuigusa, na ufunguo Akida alilala nao. Kitoto hakikucheza siku nzima.

Walimwita Bi Zuleha. Alikuwa mama wa makamo kutoka Ujiji, mwembamba, mwenye sauti ya ukali, na watu wa Shinyanga nzima walimfuata kwa mambo ya majini. Alikuja alasiri na chetezo chake, ubani na udi. Alipolipita gari hakuligusa. Alisimama, akavuta pumzi puani, akasema polepole, "Huyu si wa baharini. Huyu wa shimoni."

Alitaka kulifukiza gari. Moshi ulikataa. Badala ya kupanda juu ya Landrova, ulijikunja ukaingia dirishani, chumbani alikolala Mwasiti, na mara wakasikia kitanda kikilia. Walipoingia, Mwasiti alikuwa amekaa kitako, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti kama mzee aliye barazani. Macho yake yalitazama ukuta.

"Assalaam alaykum," akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyesoma.

Bi Zuleha akaitikia. "Waalaykumu salaam. Dini yako ipi?"

"Yako."

Akida alimwona mganga akibadilika uso. Baadaye alimweleza: asiye na dini husomewa akakimbia, lakini huyu ukimsomea anakusahihisha.

"Toka katika nyumba ya watu," alisema Bi Zuleha, sasa kwa sauti ya chini. "Umeingia bila ruhusa."

"Mimi?" Sauti ilionekana kusikitika. "Mimi nimeuzwa, nikanunuliwa. Bwana huyu alisema anapokea kila kasoro, anayoijua na asiyoijua. Mimi ndiyo ile asiyoijua. Aliiacha hiari yake mbele ya mashahidi, na mmoja huyo amesimama mlangoni. Mwulize."

Ngassa, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini kwenye vumbi.

"Unataka nini?" Akida aliuliza kwa kunong'ona.

"Makao ninayo. Nilipewa lile benchi, ni zuri. Na katika nyumba ya mwenye gari, kitoto kinachozaliwa ni changu. Ndiyo ahadi niliyokuja nayo. Gari limekwenda na mimi, nami nimekuja na ahadi yangu. Umesoma chuoni, Akida. Nimekosea wapi?"

"Nitalichoma!"

"Lichome," ikasema sauti kwa upole ule ule, na mkono wa Mwasiti ukapapasa godoro kando yake, ukilipima kama mtu anayechagua mahali pa kulala. "Nitahamia hapa."

Mwasiti akaanguka ubavu. Alipozinduka hakukumbuka neno, alilalamika tu kwamba mdomo una ladha ya udongo, na walipomwosha meno walikuta chembe za mwamba mweupe kati ya meno yake, na Akida akazitupa dirishani kabla Mwasiti hajaziona.

Uani, Bi Zuleha alifunga vitu vyake. "Siwezi kumtoa aliyeingia kwa haki, mwanangu. Nisikudanganye nikala fedha yako. Biashara huvunjwa na waliofungana. Mrudie aliyekuuzia. Akikubali kulipokea kwa ridhaa yake, jini naye atarudi. Ama sivyo, uliuze kama ulivyouziwa."

"Kwa mtu asiyejua?"

"Wewe ulijua?"

Akida alilifikiria hilo. Nisimfanye malaika. Usiku kucha alimfikiria Mwarabu wa Kahama, ambaye hakuwahi hata kumwona, na alimchagulia uovu wa kila namna ili roho yake itulie. Ilipofika alfajiri alikuwa bado hajaweza. Mimba ilikuwa pevu, siku yoyote uchungu ungeshika. Alimwacha Mwasiti mikononi mwa Bi Zuleha, akachukua ufunguo.

"Usiende nalo peke yako, nakuomba," alisema Mwasiti akiwa kizingitini.

"Siko peke yangu," alisema Akida, na wote wawili waliona aibu ya mzaha ule.

Alipita Kahama bila kusimama, akashika njia ya Bulyanhulu, na safari nzima tindo iligonga nyuma yake, ngo, ngo, ngo, wakati mwingine karibu na sikio. Alifika Nyarugusu jua limeanza kuinama. Nyumba ya Cornel ilikuwa ya bati jipya, ya mtu aliyepata. Cornel mwenyewe alikuwa uani anatengeneza pampu. Alipoisikia injini hakuinua kichwa. Alipiga magoti pale pale, kwenye mafuta machafu, akaficha uso.

"Usiingie nalo uani," alisema. "Ndugu yangu, nakuomba kwa Mungu, likae huko nje."

Akida aliteremka. Alikuwa ameandaa matusi njia nzima, lakini mtu aliyepiga magoti hatukaniki vizuri. "Ulijua," alisema tu.

"Nilijua." Cornel alieleza bila kuinuka. Miaka ya nyuma alikuwa mchimbaji, kijana, hana mke, hana kitu. Chini ya shimo lililoshindikana alikutana na mzee wa kanzu ya udongo akigonga mwamba taratibu. Mzee akamwonyesha mahali. Kwa malipo akataka mahali pa kukaa juu, kwenye mwanga, na vitoto vitakavyozaliwa nyumbani. "Nikasema chukua. Sikuwa hata na mchumba! Nilimwona mjinga. Nilinunua gari, nikampa benchi la nyuma. Kisha nikamwoa Scolastika. Tumezika wawili, kaka. Wawili. Nikamwambia yule mzee aniachie. Akasema hawezi kuniacha bure, ila anaweza kuuzwa. Yale maneno ya sharti ni yake, alinifundisha mwenyewe nikayakariri kama katekisimu."

"Basi lirudishe. Tuvunje biashara. Fedha kaa nazo."

Cornel alifungua mdomo. Kabla hajasema kitu, mlango wa nyumba ulifunguka na mwanamke akatoka, kijana, amechoka, amejifunga khanga kifuani. Ndani ya khanga kulikuwa na kitoto kichanga kabisa, kinanyonya, mkono mdogo umeshika ziwa la mama yake. Scolastika alimwona Akida, akaliona gari nyuma yake, na hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akauingia mlango, na wakasikia komeo likianguka, kisha kitu kizito kikisukumwa, kisha kingine.

Nyuma ya Akida, ndani ya Landrova, tindo ilinyamaza. Huko kulikuwa na utulivu wa mtu anayesikiliza.

"Amezaliwa juzi," alisema Cornel huku analia. "Ukinilazimisha nitakubali. Nimekukosea, nitakubali. Sema tu."

Akida aliusikia uzito wa kile kitoto chake cha pili mikononi mwake, kama kwamba hakuwahi kukiweka chini. Hakusema. Aligeuka, akaingia garini, akaondoka, na Cornel alibaki ameshika mchanga wa uani kwa vidole vyote.

Mbele kidogo ya Bulyanhulu, magharibi ikikaribia, wazo lilimjia, na lilikuwa chungu kiasi kwamba alilazimika kuegesha. Jini alikuwa na haki katika nyumba ya mwenye gari. Basi mwenye gari asiwe na nyumba. Mwasiti asiwe mkewe. Arudi kwa kaka zake, azalie kwao, yeye Akida ampeleke huyu mgeni mbali, hata Kigoma, hata Kongo, wasirudi tena. Alimpenda mke yule kuliko alivyowahi kumwambia. Alifikiri jinsi atakavyosikia habari, jinsi atakavyodhani ni ukatili, na hakuna atakayemweleza. Akashika usukani kwa mikono miwili na, mbele ya barabara tupu, akilia mpaka maneno yakakatika katikati akayarudia ili yawe sahihi, akamtaja mkewe kwa jina lake na la baba yake, akamwacha kwa talaka tatu.

Harufu ikaondoka.

Ilikatika ghafla, na badala yake ukaingia upepo wa jioni wenye moshi wa kuni na majani mabichi. Hapakuwa na tindo wala pumzi. Akida alisubiri. Alithubutu kugeuza shingo, kwa mara ya kwanza tangu anunue gari, na benchi lilikuwa benchi tu, na vumbi juu yake. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akacheka na kulia pamoja, akasema alhamdulillahi mara nyingi, na alikuwa bado anaisema aliposikia sauti ile ya upole, sasa si nyuma, ila kwenye kiti cha kando yake.

"Talaka imepita, nami ni shahidi. Mke si wako tena, na kwake sina haki hata ya kuingia mlangoni." Kisha ikauliza, kama mwalimu darasani. "Sasa nijibu, Akida. Mke aliyeachwa akijifungua, mtoto ni wa nani?"

Akida alilijua jibu. Kila aliyekaa chuoni analijua, kwamba mtoto ni wa baba yake na wa nyumba ya baba yake, hata mama awe ameachwa mara ngapi, hata azaliwe wapi. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili ili asije akalitamka. Lakini aliyemwuliza alikuwa amesoma kumshinda, na Landrova, ufunguo ukiwa mfukoni mwa shati lake, iliwaka yenyewe, ikawasha taa zote mbili, ikashika njia ya Songwa.